Kodi, Duka na Ghala: Habari za Fedha ya Mkulima wa Kingolwira

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima, na hasa wale ambao huuza mahindi yao mara baada ya kuyavuna, kisha huyanunua tena kabla ya mavuno mengine. Desturi hiyo si ya jana. Ilianza zamani, wakati fedha ilipoingia mashambani, na mtu atakaye kuiacha yampasa kwanza ajue sababu yake. Tumechagua habari za Kingolwira kwa kuwa pale reli, duka, shamba la katani na konde la mkulima vilikutana mahali pamoja. Walakini yaliyotokea pale yalitokea pia katika vijiji vingi vya nchi hii.

Kingolwira ni mahali pa tambarare chini ya milima ya Uluguru, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa gari la moshi hupita Ngerengere na Mikese, kisha Kingolwira, ndipo afike Morogoro. Siku hizi ni kata ya Manispaa ya Morogoro, lakini miaka mia moja na ushei iliyopita palikuwa shamba tupu.

Kabla ya fedha watu walikuwa na biashara yao. Njia ya misafara ya Bagamoyo ilipita karibu, na wenyeji waliwauzia wapagazi chakula wakapewa nguo za merikani na kaniki, shanga na chumvi. Hata malipo ya ardhi yalikuwapo. Kwa Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na mtu wa ukoo mwingine aliyeomba mahali pa kulima alimpa mkuu wa ukoo wenye ardhi kitu kidogo, na malipo hayo waliyaita ngoto. Ngoto ilitoka katika mavuno. Mwaka wa mavuno mabaya ulionekana na wote wawili, mtoaji na mpokeaji, na neno likazungumzwa. Kodi ya Serikali haikuwa hivyo.

KODI YA NYUMBA

Mwaka 1897 Serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni mtu asiye na fedha aliweza kuleta nafaka au kufanya kazi badala yake, lakini kidogo kidogo mlango huo ulifungwa, na amri ya mwaka 1905 ilitaka kodi ilipwe kwa fedha taslimu. Aliyeshindwa alipelekwa kufanya kazi mpaka deni lake litimie. Kwa kuwa hesabu ilikuwa ya nyumba, si ya watu, wako waliosongamana katika nyumba moja ili kuepuka kulipia ya pili.

Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha nyeupe, nayo ilivunjwa kwa pesa 64 za shaba. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, ikawa rupia moja ni heller 100. Msomaji asishangae: neno hela tulitumialo hata leo lilitoka kwenye sarafu hiyo ya Kijerumani, na watu wameendelea kulitumia miaka zaidi ya mia baada ya sarafu yenyewe kutoweka.

Mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Mzigo ambao zamani mpagazi aliubeba kichwani siku nyingi kutoka pwani ulifika sasa kwa siku moja, na mahindi, mtama na ufuta ambavyo havikustahili gharama ya mpagazi vikaweza kupelekwa mbali. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, walikaa karibu na vituo vya reli. Basi mkulima akapata mnunuzi mlangoni pake. Jambo hilo lilikuwa jema, wala hatulikani. Lakini tazama jinsi lilivyofungamana na kodi.

Kodi ilidaiwa hasa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, maana wakati huo ndipo watu walipokuwa na kitu cha kuuza. Kila mwenye nyumba alihitaji fedha katika miezi ile ile, na wote walikuwa na bidhaa moja. Mwenye duka hakuhitaji hila yoyote. Alikaa tu mbele ya mizani yake, na nafaka ikamjia. Palipo na wauzaji mia na wanunuzi wawili, bei huanguka yenyewe. Miezi sita baadaye, katika Januari na Februari, mvua zikiwa zimepita au zinangojewa na makonde yakiwa bado mabichi, mambo hugeuka: wanunuzi ni mia na wauzaji ni wawili.

HESABU YA MADEBE ISHIRINI

Tufanye hesabu kwa mfano, ili jambo lionekane. Hesabu hii tumeitunga sisi, lakini mwendo wake ni wa kweli. Tuseme mkulima amevuna madebe 20 ya mahindi, na watu wa nyumba yake hula madebe 16 mpaka mavuno mengine. Ziada yake ni madebe 4. Kodi ni shilingi 6. Mwezi wa Julai debe lauzwa senti 60, na mwezi wa Februari lauzwa shilingi moja na senti 50.

Akiuza Julai, itampasa atoe madebe 10 ili apate shilingi 6. Yatabaki 10, naye ahitaji 16. Atakapofika Februari hana budi kununua madebe 6, na bei yake ni shilingi 9. Lakini kama angeweza kungoja, angeuza madebe yake 4 ya ziada mwezi wa Februari akapata shilingi 6 kamili, na chakula kisipungue hata kibaba. Kodi ni ile ile, mahindi ni yale yale, na tofauti kati ya watu hawa wawili ni shilingi 9, yaani zaidi ya kodi yenyewe.

Wako waliosema kwamba mkulima wa zamani aliuza Julai kwa ujinga. Sisi hatusemi hivyo. Kwanza, mtoza kodi hakungoja Februari. Pili, ghala lilikuwa na maadui. Bungua akiingia katika mahindi yasiyokauka vizuri, hayatoki tena, na panya humsaidia. Katika mfano wetu, wadudu wakila madebe 2, aliyengoja hupata hasara ya shilingi 3 wakati wa kununua, bado ni afadhali kuliko 9. Wakila madebe 6, hana faida yoyote juu ya mwenziwe aliyeuza mapema. Basi faida yote ya kungoja imo katika ghala. Mtu aliyejua kwamba ghala lake halihifadhi alikuwa na haki kuuza.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu zamani zile, kwa sababu ya dumuzi, mdudu wa kutoka Amerika aliyeonekana kwanza katika nchi ya Tabora yapata mwisho wa miaka ya 1970, naye hula mahindi upesi kuliko bungua wa zamani. Kwa hiyo mahindi yakaushwe sana kabla ya kuwekwa. Punje iliyo tayari huvunjika kwa mlio ukiitia menoni. Ile inayobonyea irudishwe juani. Masalio ya mwaka uliopita yaondolewe yote ghalani na mahali pafagiliwe, maana mdudu hukaa katika nyufa akingoja. Mahindi ya kukaa muda mrefu yapukuchuliwe, na mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri ikiwa haijatobolewa. Mdudu aliyefungiwa ndani hufa kwa kukosa pumzi. Mfuko wenye tundu moja dogo ni mfuko wa kawaida tu, ingawa umeununua kwa bei kubwa.

NJIA NYINGINE ZA KUPATA FEDHA YA KODI

Wakulima wa Kingolwira na vijiji jirani walitafuta fedha ambayo haikutoka katika chakula. Wengine walilima ufuta, wengine pamba. Pamba ya sehemu hizi hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuchumwa kiangazi, kwa hiyo fedha yake huingia karibu na wakati ule ule wa kodi, na mahindi yakabaki nyumbani. Ila pamba haliwi. Aliyepunguza konde la mtama ili apanue la pamba, kisha bei ya pamba ikaanguka, alikosa vyote viwili.

Wengine waliingia katika mashamba ya katani. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai Tanga, na mashamba makubwa ya nchi yakatoka katika hiyo. Kibarua wa katani alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku aliyokosa, au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, haikuandikwa, na mshahara ulilipwa kipande kikijaa. Ubaya wake kwa mkulima ulikuwa wakati. Mwanamume akiwa katika katani siku za palizi, mkewe alipalilia peke yake, na konde lililochelewa kupaliliwa halikutoa madebe 20 bali 12 au 10. Fedha ya kodi ilipatikana, na njaa ikapatikana pamoja nayo. Baada ya mwaka 1929 bei za mazao zilipoanguka ulimwenguni pote, katani nayo ilianguka, mashamba yakapunguza watu, lakini kodi haikushuka kwa kadiri ile bei zilivyoshuka. Wakati huo Serikali ya Waingereza iliwahimiza watu kulima zaidi ili wapate fedha ile ile ya kwanza. Maana yake ilikuwa jasho zaidi kwa shilingi ile ile.

MWENYE DUKA NA MALI KAULI

Duka la kijijini liliuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti, majembe, kaniki na kanga, nalo lilinunua mazao. Mara nyingi mizani ilikuwa moja kwa kazi zote mbili. Mkulima asiye na fedha alichukua bidhaa kwa ahadi, jambo ambalo wafanya biashara wa pwani waliliita mali kauli, yaani mali itolewayo kwa neno la mtu. Alichukua jembe na chumvi mwezi wa Desemba, akaahidi mahindi ya Julai. Ndipo mahindi yale yakawa yameuzwa kabla ya kuota, tena kwa bei aliyoikubali akiwa na haja. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Yafaa tuseme haki kwa upande wa pili pia. Mwenye duka naye aliishi kwa mkopo. Alichukua mali yake kwa wafanya biashara wakubwa wa Morogoro na Dar es Salaam, akalipa leseni na nauli ya reli, na mvua zikikosekana wadeni wake wote walishindwa mwaka mmoja. Bei yake kubwa ilikuwa na faida ndani yake, lakini pia ilikuwa na hofu.

Mwaka 1923 Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mtu asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila idhini ya maandishi ya mtawala, deni hilo halikuweza kudaiwa mahakamani. Nia yake ilikuwa kuwalinda watu wasinyang'anywe mali zao. Katika jambo hilo ilifaa. Lakini mkopo wa dukani haukuisha kwa sheria. Uliendelea bila maandishi, na kwa kuwa mkopeshaji hakuwa na mahakama ya kumsaidia, alijilinda kwa kupandisha bei ya bidhaa na kushusha bei ya mazao. Tena mkulima aliyekuwa na haja ya kweli, labda ya kununua majembe au kuajiri watu wa palizi, hakuwa na mahali halali pa kukopa. Kwa maoni yetu sheria hiyo ilifunga mlango mbaya pasipo kufungua mwingine. Mlango mwingine ulifunguliwa kwanza Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ilitoka mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kile kikawa ushirika ulioandikishwa, wenye kuuza kahawa ya wanachama wote pamoja.

FEDHA ILIKAA WAPI?

Benki ilikuwapo. Benki ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ilitoa noti. Lakini haikuwa kwa ajili ya mtu mwenye rupia 4. Mkulima alizika fedha yake katika chungu chini ya jiko au kwenye pembe ya nyumba. Heller 10, na baadaye 5, zilikuwa na tundu katikati, na vivyo hivyo senti 5 na 10 za Waingereza zilizofuata, basi mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika kamba na kuzivaa.

Chungu kilifaa kwa sarafu, hakikufaa kwa karatasi. Mchwa hawajui noti. Tena vilitokea vita. Wakati wa vita ya mwaka 1914 Wajerumani walipungukiwa na sarafu, wakapiga chapa noti za muda humu nchini, na mwaka 1916 walitengeneza sarafu huko Tabora. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Utawala uliotoa noti ulipokwisha, noti zile zikabaki karatasi mikononi mwa watu, na waliouza ng'ombe au nafaka kwa noti walijifunza kwa uchungu kupenda fedha inayolia. Hata mambo yalipotulia hesabu iligeuka tena: mwaka 1920 rupia ya Afrika Mashariki iliwekwa sawa na shilingi 2 za Kiingereza, na punde baadaye, mwaka 1921 na 1922, ikaja shilingi yenye senti 100. Katika miaka isiyofika ishirini mkulima mmoja alijifunza pesa, heller, na senti. Si ajabu kama baadhi yao waliona kwamba mahindi ghalani ni fedha imara kuliko zote.

Akiba ya Posta ilianza Tanganyika mwaka 1925. Hii ndiyo iliyokuwa benki ya kwanza ambayo mtu wa kawaida aliweza kuiingia na shilingi chache akatoka na kitabu chenye jina lake. Faida yake kwa mkulima haikuwa riba tu. Ilikuwa kwamba shilingi ya pamba iliyowekwa Agosti haikuonekana na jamaa wenye shida ndogo ndogo mwezi wa Septemba.

Mwaka 1922 ilitoka sheria mpya ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na mwaka 1926, zamani za Gavana Donald Cameron, sheria ya utawala wa wenyeji. Baada ya hapo fungu la kodi lilirudi katika hazina za wenyeji, likalipa mishahara ya wakuu na makarani, na baadhi ya kazi za vijijini kama shule na zahanati. Mlipaji alipewa cheti. Mwenye kukipoteza aliweza kudaiwa mara ya pili, kwa hiyo watu walikihifadhi kwa uangalifu kuliko noti.

MFUTO NA TELE

Limebaki jambo la vipimo. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Lakini kibaba kilikuwa cha namna mbili: kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima. Desturi mbaya ilikuwa kununua kwa tele na kuuza kwa mfuto. Baadaye debe la mafuta ya taa likawa kipimo, nalo likapata hila zake: lilibonyezwa upande, au liligongwa chini ili nafaka ishuke na kupokea zaidi.

Lumbesa ya siku hizi ni kibaba cha tele kilichokua. Gunia huongezwa kichwa kwa wavu au kwa gunia jingine, likalipiwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu, na mzigo usizidi kilo 100. Mkulima ahesabu hivi: gunia lenye kilo 125 likilipiwa kama la kilo 100, katika kila magunia manne ametoa gunia zima la bure.  Dawa yake ni mizani, na wakulima kumi wakichanga waweza kununua moja.

Kodi ya kichwa imekwisha. Kodi za halmashauri za namna hiyo zilifutwa mwaka 1969, zikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, zikafutwa tena mwaka 2003. Uliobaki ni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kupita kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila kutozwa. Ushuru huu huhesabiwa kwa thamani ya mauzo, kwa hiyo hudaiwa siku mazao yanapouzwa, iwe Julai au Februari. Hapo ndipo ulipo tofauti kubwa na rupia 3 za zamani: hauna mwezi wake, na mwenye ghala zuri hashurutishwi nao kuuza mapema.

Aendaye kuuza apime kwanza nyumbani, aandike kilo zake katika daftari, kisha aende nazo sokoni. Akilipa ushuru adai stakabadhi yenye tarehe, jina la zao, kilo na fedha iliyolipwa. Ikiwa kilo hazikuandikwa, airudishe iandikwe upya papo hapo, kabla gari la mnunuzi halijaondoka.